Namna ya Kuirudia Hadithi ya Kima na Papa Ukiwa Mtu Mzima

Aliyekulia pwani huenda akaikumbuka hadithi ya kima aliyefanya urafiki na papa, akapanda mgongoni mwake ili aende kumtembelea, akaambiwa katikati ya bahari kwamba moyo wake unatakiwa uwe dawa, naye akajinusuru kwa kudai kuwa moyo huo ameuacha mtini. Ukimwomba mtu mzima akusimulie, mara nyingi ataishia hapo hapo: kima amerukia tawi, papa ameduwaa, hadithi imekwisha. Hadithi kamili haiishii hapo. Kima akishakuwa salama juu ya mti anaulizwa swali, naye analijibu kwa kusimulia hadithi nyingine, ya punda wa dobi, na hiyo ya pili ndiyo iliyoipa hadithi nzima jina lake katika maandishi ya kale. Kwa hiyo anayetaka kuirudia hadithi hii ukubwani ana kazi mbili, yaani kukitazama upya kile anachokikumbuka, na kukitafuta kile kilichomponyoka.

Anza kwa kuandika unachokumbuka kabla hujafungua kitabu wala kuuliza mtu. Jambo hili lisirukwe, kwa sababu ukishasoma maandishi, kumbukumbu yako itajichanganya nayo, na hutaweza tena kutenganisha ulichosimuliwa utotoni na ulichosoma juzi. Ukurasa mmoja unatosha. Andika ni wanyama gani walikuwamo, mti ulikuwa wa aina gani, nani alikuwa mgonjwa, kiungo gani kilitakiwa, na maneno ya mwisho yalikuwa yapi. Sikuyachagua mambo hayo kwa kubahatisha. Ndiyo yanayobadilika zaidi hadithi inapotoka mji mmoja kwenda mwingine. Usishangae ukiona umeandika tumbili badala ya kima, au mamba badala ya papa, kwa kuwa hadithi hii ina ndugu wengi, na yawezekana kabisa kwamba uliyemsikia alikuwa na masimulizi yake, nawe hukusahau kitu.

Baadaye mwendee mtu wa nyumbani anayeijua: bibi, shangazi, mjomba, au jirani wa zamani. Namna ya kuuliza ina uzito wake. Ukisema, "Shikamoo, bibi. Ile hadithi ya kima na papa ilikuwaje?" utapata muhtasari wa sentensi tatu, kwa sababu umemuuliza habari na hukumwomba hadithi. Mwombe akae asimulie kama alivyokuwa akisimulia zamani, aanze na "Paukwa!" nawe uitikie "Pakawa!", na kama kuna watoto, wawepo, kwa sababu msimulizi aliyezoea kuitikiwa hulegea mbele ya msikilizaji mmoja mwenye simu mkononi. Ukitaka kurekodi, omba ruhusa kwanza, kisha iweke simu mahali isipomkabili. Asimulie hadi mwisho bila kusahihishwa. Akinyamaza baada ya kima kuruka mtini, muulize swali moja tu: "Na punda wa dobi?" Pengine atasema hamjui punda huyo, lakini pengine atacheka na kuendelea, na hapo utakuwa umepata nusu ya pili kwa sauti ya mtu wako mwenyewe, jambo ambalo hakuna maktaba itakayokupa.

Sasa tafuta maandishi. Chimbuko la kuaminika zaidi ni mkusanyiko wa hadithi za Unguja uliochapwa London mwaka 1870 na Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 na ambaye baadaye alikuwa askofu. Steere aliwasikiliza wasimulizi wa Unguja, akayaandika maneno yao kwa herufi za Kirumi, na katika kitabu chake Kiswahili kimepangwa sambamba na tafsiri ya Kiingereza. Hadithi yetu imo humo kwa jina la "Kisa cha Punda wa Dobi". Haki ya kunakili kitabu hicho ilikwisha zamani, na nakala zilizopigwa picha zinapatikana bila malipo katika maktaba za intaneti. Ukitafuta kwa jina la Steere na mwaka 1870 utakipata bila taabu. Pakua nakala yenye picha za kurasa, maana ile iliyosomwa na kompyuta na kugeuzwa maandishi matupu mara nyingi huvuruga tahajia ya Kiswahili hadi ikakatisha tamaa.

Tahadhari moja. Mwaka 1901 George W. Bateman alitoa huko Chicago kitabu cha hadithi za Unguja kwa Kiingereza, na hadithi hii imo pia. Majina ya wanyama aliyaacha ya Kiswahili, ila akayaandika kama Mwingereza anavyoyasikia: Keema, Soongoora, Poonda. Ni usimulizi mchangamfu, wala siudharau, lakini utani wake mwingi ni wa Kiingereza, na baadhi ya masimulizi ya Kiswahili yanayozunguka leo yana dalili za kutafsiriwa kutoka huko. Ukikuta sungura anayezungumza kama karani wa hoteli kubwa, rudi kwenye maandishi ya 1870.

Unapoyasoma maandishi hayo, soma kwa sauti. Tahajia yake ni ya zamani, na jicho hujikwaa penye "kulla" na "nussu", lakini ulimi haujikwai, kwa kuwa maneno ni yale yale ya kila siku. Mambo machache tu yanahitaji uangalifu. Msimulizi anaposema kwamba Sultani "hawezi", maana yake ni mgonjwa. "Nyama wa bara" ni wanyama wa nchi kavu, hapana chochote cha bucha. Na "mashikio" ni masikio. Usiyasahihishe, kwa sababu yatarudi mwishoni na utayataka jinsi yalivyo.

Soma mara ya kwanza moja kwa moja bila kusimama. Mara ya pili nenda polepole, ukisimama mahali ambapo utoto ulipita mbio. Mahali pa kwanza ni mti wenyewe. Msimulizi anasema ulikuwa mkuyu mkubwa ulioota katika kilindi cha maji, nusu ya matawi yake yako upande wa mji na nusu yako upande wa bahari. Sentensi hiyo moja imechora hadithi yote: kima anaweza kukaa mahali pamoja na kuwa na mguu katika dunia mbili, na papa anaweza kuishi chini ya chakula asichoweza kukifikia. Kama hujawahi kuutazama mkuyu kwa makini, nenda ukautazame, nao kwa kawaida hupatikana karibu na mito na mabonde yenye maji. Kuyu huota kwa vichala kwenye matawi manene na hata kwenye shina lenyewe, nyingi mno, na ndiyo sababu kima aliweza kumtupia rafiki yake siku nyingi na miezi mingi bila kupunguza riziki yake. Wema wake, kwa hiyo, ulikuwa wa kweli lakini haukumgharimu kitu. Nilipokuwa mdogo sikuliona hilo, wala halikunihusu.

Mahali pa pili ni katikati ya bahari. Papa amemwalika kima kwao akapate zawadi. Kima amesita kwa kuwa wanyama wa bara hawaingii majini. Papa ameahidi kumbeba asiguswe hata na tone. Wamekwenda nusu ya safari. Hapo papa, bila kuulizwa, anasema kwamba atamwambia rafiki yake kweli: Sultani wao ni mgonjwa sana, na dawa waliyoambiwa ni moyo wa kima. Simama hapo, ujiulize kwa nini amesema. Kima hakuwa na shaka yoyote, na hatua zilizobaki zilikuwa za papa peke yake. Mwerevu wa kawaida angenyamaza hadi nyumbani. Mtoto huliruka swali hili kwa sababu anataka kujua kima atafanya nini. Mtu mzima aliyewahi kutumwa na mkubwa wake kumtendea rafiki jambo baya hatalipita upesi. Mimi huliona ungamo la papa kuwa ndilo jambo la kibinadamu zaidi katika kisa hiki, na ndilo linalomponza.

Itazame pia hila ya kima jinsi ilivyopangwa. Hakatai wala halii. Ananyamaza kwanza, na akiulizwa sababu anajibu kwa lawama ya upole: mbona hukuniambia tulipokuwa kule kule, nikauchukua? Huna habari kwamba sisi tunapotembea huiacha mioyo yetu mitini, tukatembea viwiliwili tu? Uongo wenyewe hauaminiki, lakini umevikwa vazi la mtu aliye tayari kusaidia, na papa, ambaye kwa miezi mingi hajaona kwa kima ila ukarimu, hana sababu ya kumshuku. Anageuka.

Mahali pa tatu ndipo palipozama, na hapo ndipo nakushauri utumie muda mwingi kuliko kwingine kote. Kima yuko juu; papa anamwita waende zao; kima kimya. Papa anaita tena. Kima anauliza, twende wapi? Kisha anamwuliza papa kama amemfanya punda wa dobi. Papa hajui maana yake, naye anauliza, kwa adabu kabisa na akimwita rafiki yangu, punda wa dobi yukoje? Jibu ni kwamba huyo ni asiye na moyo wala mashikio. Papa anaomba asimuliwe kisa chake, na kima, ambaye hana tena sababu ya kusema hata neno moja, anasimulia.

Kisa ni hiki. Dobi alikuwa na punda, akamtoroka, akaenda msituni akanenepa. Sungura akamwona, akaenda kwa simba, ambaye alikuwa ametoka katika ugonjwa na hana nguvu ya kuwinda, akamwahidi nyama. Sungura akamwendea punda akamwambia ametumwa kuja kumposa. Na nani? Na simba. Punda akafurahi, wakafuatana. Walipofika sungura akatoka nje akawaacha wachumba wazungumze, simba akaruka, wakapigana, punda akampiga mateke akakimbia na majeraha yake. Siku nyingi zikapita, wote wawili wakapona. Sungura akarudi kwa punda na mwaliko ule ule. Punda akasema kwamba siku ile alikwaruzwa vibaya, na anaogopa. Sungura akamjibu kuwa hayo si kitu, ndivyo simba anavyozungumza. Punda akasema, basi twende. Safari hii hakurudi. Simba akaagiza nyama ichomwe, yeye awekewe moyo na mashikio tu. Sungura akavificha, na alipodaiwa akasema kwamba punda yule hakuwa navyo, kwani angekuwa na moyo na mashikio asingekuja mara ya pili.

Ukishaisoma nusu hii, irudie ile ya kwanza, nawe utaona kwamba zimejengwa kwa vipimo vile vile: mgonjwa mwenye enzi, mjumbe mwenye maneno matamu, mwaliko wa heshima, na moyo unaotakiwa. Tofauti ni moja. Kima alialikwa mara moja akaenda, kama punda. Anapoitwa mara ya pili yuko mtini, na hapo ndipo anapotambua aliko katika kisa anachokijua. Bila punda wa dobi, hadithi inabaki kuwa ya mwerevu aliyemshinda mjinga, na hadithi za namna hiyo tunazo tele. Ukiwa na punda wa dobi, kima naye anakuwa ni mtu aliyedanganyika kabisa mara ya kwanza, na anakiri hivyo kwa kujilinganisha na punda. Nadhani hii ndiyo sababu nusu hiyo huachwa katika masimulizi ya watoto: ni ndefu, ina kifo, na inampunguzia shujaa sifa.

Ukipenda kwenda mbali zaidi, itafute katika nchi ilikopita. Imo katika Panchatantra, mkusanyiko wa kale wa hadithi za Bara Hindi, na imo katika Kalila na Dimna, kitabu ambacho tabibu Mwajemi Burzoe alikihamisha kutoka Kisanskriti hadi Kiajemi cha kale katika karne ya 6, na mwandishi Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu katika karne ya 8. Usisome kwa kutafuta ipi ni ya asili na ipi imeiga, kwa maana mashindano hayo hayakufundishi kusoma. Weka karatasi, chora safu tatu, uandike nani kawa nani. Katika Panchatantra rafiki wa kima ni mamba na mti ni mzambarau; katika Kiarabu ni kasa na mti ni wa tini. Anayetaka moyo huko kote ni mke, aliyechoshwa na mumewe kushinda nje na rafiki yake. Unguja mke ametoweka, na mahali pake yupo Sultani mgonjwa. Badiliko hilo linamgeuza papa kutoka mume aliyebanwa nyumbani hadi raia aliyebanwa na amri, na halikosi uzito ukikumbuka kwamba miaka Steere alipokuwa akiziandika hadithi hizi wasimulizi wake walikuwa na Sultani wa kweli, Seyyid Majid bin Said, aliyetawala tangu 1856 hadi 1870. Lakini usikimbilie kusema kwamba huo ni ubunifu wa Unguja pekee, kwa kuwa huko Korea nako kuna hadithi ya mfalme wa bahari aliyeugua, akamtuma kasa amletee ini la sungura.

Kwa upande wa punda, mbweha wa Kihindi na wa Kiarabu amekuwa sungura, kama msikilizaji yeyote wa kwetu angetarajia. Na chambo, ambacho kule kilikuwa majike ya punda yanayomngoja dume mpweke, kimekuwa posa kutoka kwa simba mwenyewe. Kwangu mimi chambo chetu ni kikali zaidi, kwa kuwa kinamnasa punda kwa heshima anayoiona kuwa kubwa kuliko yeye. Jambo moja halikubadilika njia nzima, nalo ni kazi ya mwenye punda. Mamba akawa kasa akawa papa, mke akawa Sultani, mbweha akawa sungura, na mfua nguo akabaki mfua nguo.

Iwapo una muda wa kusoma moja zaidi, soma ile iliyomo katika Jataka, hadithi za Kibudha. Humo hamna punda. Kima, akiwa bado mgongoni mwa mamba, anaelekeza kidole kwenye mti wa jamii ya mkuyu uliojaa vichala vya matunda mekundu, akasema: ile pale, mioyo yetu, imetundikwa. Ukishaliona hilo, hutautazama tena mkuyu wa Unguja kama mti uliowekwa ili kima apate pa kukaa tu.

Hatimaye utataka kuisimulia, nami ningekushauri usimsomee mtoto maandishi ya 1870 bali umsimulie kwa kinywa chako, ukiyashika maneno machache yasiyobadilika: matawi nusu huku na nusu huku, mioyo iliyoachwa mitini, na asiye na moyo wala mashikio. Kwa watoto wadogo, igawe usiku wa kwanza na wa pili, na uikate pale papa anapouliza punda wa dobi yukoje. Waachie wao swali hilo waliulize kwa sauti ya papa. Litakuwa limewakaa rohoni hadi kesho yake. Wakikuuliza papa anakula kuyu tangu lini, waambie papa huyu anakula, kisha uendelee. Usimwokoe punda. Nimesikia masimulizi ambamo punda anatoroka mara zote mbili, na hapo maneno ya sungura yanakosa pa kusimama, na jibu la kima kwa papa linakuwa porojo. Kifo chake katika hadithi ya kale kimesemwa kwa maneno machache bila damu wala kilio, nawe kipitishe hivyo hivyo.

Sauti ya mwisho ya kima isiwe ya kejeli. Anamwambia papa ashike njia aende zake, kwamba hatampata tena, na kwamba urafiki wao umekwisha, kisha anamuaga. Wasimulizi wengi hulitamka hilo kwa kicheko, nami sidhani kicheko kina nafasi hapo, kwa kuwa anayeagwa ni rafiki wa miezi mingi aliyesema kweli akiwa amechelewa nusu ya bahari.

Ule ukurasa ulioandika mwanzo usiutupe. Uweke pamoja na masimulizi ya mtu wako wa nyumbani, na juu ya kila moja andika jina la aliyesimulia, mji alikotoka, na mwaka. Penye tofauti, acha tofauti. Kama shangazi alisema mamba, iandikwe mamba; na kama hakumjua punda, andika kwamba hakumjua, ili atakayeirudia hadithi hii baada yako aone ilipokatikia katika nyumba yenu.